Sensa za injini ziko wapi? Maswali tunayoulizwa sana na wenye magari hapa Mombasa

Haya ni maswali ambayo watu huja nayo gereji, wengine wanapiga simu wakiwa wamekwama Makupa, wengine wanatuma picha ya skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, usiku wanataka jibu hapo hapo. Nimeyaweka pamoja ili mtu afungue boneti yake akijua anatafuta nini, manake pesa nyingi zinapotea kwa kununua sensa ambayo haikuwa mbovu, au kubadilisha ile ya jirani yake kwa kuwa zinafanana.

Taa ya injini imewaka, nianzie wapi?

Anzia kwenye kodi, yaani ile herufi na namba kama P0335 ambayo skana inatoa. Usianzie dukani. Kodi haikwambii "badilisha sensa hii", inakwambia kompyuta imeona kitu hakiko sawa kwenye njia hii, na njia hiyo ina sensa, ina soketi, ina waya, ina athi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, na mara nyingine ina fyuzi. Sensa ni kimoja tu katika hivyo. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kujua hiyo sensa iko wapi, kazi ya pili ni kuiangalia soketi na waya zake, halafu ndio tuzungumze mambo ya kununua.

Taa ikiwaka bila kumeta na gari inaenda vizuri unaweza kuendesha taratibu hadi kwa fundi. Lakini ikimeta meta huku gari inatetemeka, hapo kuna silinda haichomi mafuta, petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi na inaunguza katalitiki, kile chujio cha moshi kwenye ekzosi, punguza mwendo na usiende nayo safari.

Pa kuchomeka skana ni wapi?

Chini ya dashibodi upande wa dereva, soketi ya matundu 16 yenye umbo la trapeza, mara nyingi juu ya pedali, wakati mwingine nyuma ya kifuniko kidogo. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuweka mfumo huu kwenye magari yote mapya kuanzia 1996, wengine wakafuata kwa wakati wao. Gari za Japani za miaka ya 2000 mwanzoni zina soketi ya umbo hilo hilo lakini zinaongea lugha yao, ndio maana kale kaskana ka bluetooth ka bei rahisi kanakataa kushika kwenye gari nyingine, gari haina shida, skana ndio haielewi.

Toyota za zamani zaidi zina kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSTIC. Unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa waya, unawasha swichi bila kupiga stata, halafu unahesabu taa inavyometa. Kwenye Toyota nyingi zenye soketi ya matundu 16 unaunganisha tundu la 4 na la 13. Kuwa makini kabisa, tundu la 16 lina moto wa betri moja kwa moja, ukikosea hapo unaweza kuchoma kitu cha bei.

Fundi, sina mchoro wa gari langu. Nitajuaje sensa iko upande gani?

Hili ndilo swali kubwa na ningependa kila mtu alishike. Sensa inakaa pale pale penye kitu inachokipima. Haina mahali pengine pa kwenda. Sensa ya joto la maji lazima iguse maji, kwa hivyo tafuta mahali maji yanatoka kwenye injini kwenda rejeta, karibu na themostati au mwisho wa silinda hedi. Sensa ya krenki lazima ione krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka, na krenki inaonekana sehemu mbili rahisi, mbele kwenye puli au nyuma kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la upande wa giaboksi. Sensa ya kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, iko juu kwenye hedi, mwisho wa kemshafti. Ya hewa iko kwenye njia ya hewa baada ya filta. Ya oksijeni iko kwenye ekzosi. Ya kugonga, ile wanaiita nok sensa, imefungwa kwa bolti kwenye bloku yenyewe manake inasikiliza mtikisiko wa chuma. Ukishajua kazi yake umeshapunguza utafutaji, kilichobaki ni kufuata waya kwa mkono na tochi.

Kushoto na kulia ni vipi? Mwingine anasema kushoto akiwa amesimama mbele ya gari.

Kushoto na kulia ni vya mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva akiangalia mbele. Siku zote. Ukisimama mbele ya boneti ukitazama injini unageuza. Watu wameshafungua sensa nzima kwa sababu hii.

Na hii "bank 1 sensa 2" ndio nini?

Bank 1 ni ule upande wa injini wenye silinda namba 1. Kama gari yako ni silinda nne za mstari, kama Probox, Fielder, Vitz za silinda nne, Wingroad, una upande mmoja tu kwa hivyo kila kitu ni bank 1. Bank 2 utaiona kwenye V6 na V8, na baadhi ya injini za Subaru. Sensa 1 iko kabla ya katalitiki, karibu na injini, sensa 2 iko baada ya katalitiki, huko chini ya gari. Hizi mbili hazifanyi kazi moja. Ya kwanza ndio inasaidia kompyuta kupanga mafuta, ya pili kazi yake kubwa ni kuangalia kama katalitiki inasafisha. Mtu akibadilisha ya pili akitarajia gari ipunguze kula mafuta mara nyingi anakuja kulalamika.

Silinda namba 1 kwenye Toyota zilizolala kwa upana iko upande wa cheni au mkanda, yaani kulia kwa dereva, ng'ambo ya giaboksi. Kwa hivyo P0301, kodi ya silinda ya 1 kutochoma mafuta, ni hapo, P0304 ni ile ya mwisho karibu na giaboksi. Subaru ni tofauti, 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 ziko kushoto.

Gari inazima ikipata joto, nikingoja ipoe inawaka tena. Nimeambiwa ni sensa ya krenki. Iko wapi?

Inawezekana ni yenyewe, hii tabia ya kufa ikiwa moto na kufufuka ikipoa ni ya sensa ya krenki sana, na foleni ya ferry ya Likoni saa saba mchana inaitoa vizuri. Kodi yake ya kawaida ni P0335, lakini wakati mwingine inakufa bila kuacha kodi.

Kwenye injini ya 1NZ, ambayo ndio iko kwenye Probox nyingi na Fielder nyingi hapa mjini, iko chini pembeni ya puli ya krenki, upande wa gurudumu la mbele la kulia. Utaifikia vizuri zaidi gari ikiwa juu na gurudumu limetolewa, weka vikalio, usitegemee jeki peke yake hata kwa dakika moja. Kwenye Subaru zenye injini ya EJ iko juu katikati, nyuma ya puli ya krenki, ukitazama chini ya altaneta utaiona bila kulala chini. Nissan zenye injini za QG na QR geuza mawazo, iko huku mwisho wa giaboksi, inasoma meno ya upande wa flaiwili.

Kabla hujaifungua, chomeka skana, mtu apige stata na wewe uangalie namba ya mizunguko. Stata inazungusha injini na skana inasema sifuri, basi kompyuta haioni krenki. Hapo angalia soketi, ile sehemu ya chini inamwagikiwa oili na maji ya barabarani, plastiki inakauka na kuvunjika, pini zinafanya kijani. Ukitoa sensa angalia ncha yake, vumbi la chuma linanata hapo kwa sababu ina sumaku. Futa, rudisha, jaribu.

Sensa ya kemshafti je?

Juu, mwisho wa hedi. Kwenye 1NZ iko upande wa giaboksi, yaani kushoto, na ile valvu ya oili ya VVT, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, iko upande wa pili wa cheni, usichanganye, zote zina soketi ndogo ya pini mbili. Injini zenye VVT mbili kama 2ZR zina sensa mbili za kemshafti, moja ya hewa na moja ya ekzosi. Ukipata P0340, kodi ya kemshafti, pamoja na P0335 na cheni inapiga kelele asubuhi, usikimbilie sensa, angalia oili na cheni kwanza.

Feni ya rejeta haizimi na gari inawaka kwa shida asubuhi. Ni sensa ya joto?

Angalia hapo kwanza. Kompyuta ikikosa habari ya joto la maji, magari mengi yanawasha feni moja kwa moja kwa usalama. Kuna kipimo cha bure kabisa: asubuhi kabla hujawasha gari, injini imelala usiku mzima, soma kwenye skana joto la maji na joto la hewa inayoingia. Hapa Mombasa zote mbili zinafaa ziwe karibu karibu, nyuzi 25 hadi 30 hivi. Ikisema nyuzi 40 chini ya sifuri, hakuna baridi hiyo pwani hii, ina maana waya umekatika au soketi imechomoka. Ikisema joto la juu kupita kiasi na injini imepoa, waya zimegusana.

Gari za zamani zina mbili. Ya waya mmoja ni ya mshale wa dashibodi, ya waya mbili ni ya kompyuta. Mtu anabadilisha ile ya mshale na shida inabaki vile vile. Ukiwa na multimita, ya kompyuta kwenye Toyota nyingi utapata karibu ohmu 2,000 na kitu injini ikiwa baridi, na karibu ohmu 300 maji yakifika nyuzi 80. Kwenye 1NZ iko kushoto mwisho wa hedi upande wa giaboksi, toa bomba la hewa ndio mkono uingie vizuri. Na tafadhali, usifungue mfumo wa maji injini ikiwa moto, nimeona mikono imeungua vibaya.

Gari langu lina MAF au MAP?

Fungua boneti, fuata bomba kutoka boksi la filta. Ukiona sensa imechomekwa kwenye bomba hilo yenye waya 3 hadi 5, hiyo ni MAF, inapima hewa inayopita. Ukiikosa hapo, angalia kwenye manifodi ya hewa au juu ya throto bodi, ule mlango wa hewa wa injini, utaona kidude kimekaa hapo au kina kijipaipu cha mpira, hiyo ni MAP, inapima presha. Honda nyingi za zamani ni MAP. Gari zenye taabo mara nyingi zina zote mbili.

MAP ina kipimo kizuri sana kwetu watu wa pwani. Washa swichi bila kuwasha injini, skana inafaa isome karibu 100 au 101 kwa kilopaskali kwa sababu tuko usawa wa bahari. Gari hiyo hiyo ikipanda Nairobi itasoma 82 au 83 hivi na iko sawa kabisa. Ikiwa uko Kisauni na inasoma 83, hiyo sensa inadanganya.

MAF ya injini ya 1.5 ikiwa imepata joto na haijakanyagwa husoma gramu 2 hadi 4 kwa sekunde. Ikichafuka inasoma chini na gari inakosa nguvu, unaweza kupata P0171, yaani mafuta ni machache kuliko hewa. Isafishe kwa dawa yake maalum ya MAF, sio ya kabureta, na usiguse ule waya mwembamba ndani kwa kidole wala kitambaa.

Sensa ya oksijeni imegoma kutoka, nifanyeje?

Kutu. Hewa ya chumvi ya huku inakula nyuzi za ekzosi kuliko bara. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu, acha yalale, halafu ifungue ekzosi ikiwa vuguvugu, isiwe moto, spana ni 22 na ile soketi iliyopasuliwa pembeni ndio inashika vizuri. Ukirudisha paka grisi ya kuzuia kukwama kwenye nyuzi peke yake, ncha isiguswe.

Kisha kuna jambo ambalo maduka mengine hayakwambii. Toyota zina aina mbili, ya oksijeni ya kawaida na ile ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta. Zinafanana kwa sura na haziwezi kubadilishana. Tazama namba: ya oksijeni inaanza na 89465, ile nyingine inaanza na 89467. Namba zingine za Toyota za kukusaidia kaunta: joto la maji ni 89422, MAF ni 22204, nok sensa 89615, krenki na kemshafti nyingi zinaanza na 90919-05. Nenda na sensa ya zamani mkononi, usiseme tu "nipe sensa ya Fielder", kuna Fielder za aina nyingi.

Nok sensa?

Kwenye bloku, na injini nyingi imejificha chini ya manifodi ya hewa. Kodi ni P0325. Bolti yake ina kipimo cha kukaza, ukikaza ovyo haisikii vizuri.

Kompyuta ya gari yenyewe iko wapi?

Toyota nyingi ni nyuma ya ile droo ya dashibodi upande wa abiria. Mpya mpya nyingine iko ndani ya boneti karibu na betri. Subaru za EJ za miaka ya 2000 iko miguuni pa abiria chini ya zulia, imefunikwa na bati, kwa hivyo masika yakija na maji yakaingia ndani ya gari usikaushe zulia tu, inua uangalie. Golf 5 iko chini ya waipa, majani yakiziba njia ya maji hapo inaogelea.

Ukiwa unapekua chini ya dashibodi utaona soketi na waya za njano, hizo ni za eabegi. Usizichomoe wala kuzipima kwa multimita. Ukilazimika kufanya kazi karibu nazo, toa betri kwanza na ungoje dakika kadhaa.

Skana imetoa kodi saba kwa wakati mmoja. Sensa saba zimekufa?

Hapana, na mtu akikuuzia sensa saba mkimbie. Sensa nyingi zinapata moto wa volti 5 kutoka kwa kompyuta, njia moja inagawana. Moja ikipiga shoti inavuta wenzake wote chini, na kompyuta inaandika kodi za wote. Namna ya kumpata mwenye makosa ni kupima zile volti 5 kwenye soketi moja, halafu unachomoa sensa nyingine moja moja. Ukichomoa moja na volti zikarudi, huyo ndiye, au waya wake umechubuka unagusa bodi. Kama hazirudi na umechomoa zote, waya wa ndani au kompyuta.

La pili ni athi. Waya wa athi kutoka injini kwenda bodi ukishika kutu, kila sensa inaanza kusema uongo. Toa bolti, sugua hadi chuma king'ae, rudisha. La tatu ni betri iliyochoka, volti zikishuka sana wakati wa stata kompyuta inachanganyikiwa. Mimi huanza na hizi mbili kwa sababu ni kazi ya muda mfupi na haina gharama.

Mbona soketi za gari yangu zimefanya kijani na gari imetoka Japani juzi tu?

Chumvi na unyevu. Ukikaa Nyali, Bamburi, Shelly, upepo wa baharini unaingia kila mahali. Kwanza gari ina miaka yake, magari yanayoruhusiwa kuingia Kenya ni yale yasiyozidi miaka 8, soketi zimeshakula majira mengi huko kwao. Safisha pini kwa dawa ya kusafishia umeme, ikauke, paka kidogo grisi ya umeme, hakikisha ule mpira wa kuzuia maji upo. Na pale karwashi usiwaache wapige injini maji ya presha, maji yanaingia kwenye soketi na kwenye koili, ukitoka hapo gari inaanza kumisi na unaambiwa ni plagi.

Nina Hiace ya dizeli ya D4D, nayo ina vitu hivi?

Inavyo na zaidi. Sensa ya presha ya dizeli iko mwisho wa ile reli ya chuma inayogawa mafuta kwa nozo. Valvu ya kupima mafuta, wanaiita SCV, iko kwenye pampu ya presha, na ndiyo inayosumbua matatu nyingi, mzunguko unapanda na kushuka wenyewe, au inazima ukiachia mafuta. Lakini badilisha filta ya dizeli kwanza. Usilegeze paipu yoyote ya presha injini ikiwa inawaka, humo ndani presha inapita baa 1,000, dizeli inapenya ngozi kama sindano na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali hata kama unaona tundu dogo. Waya za nozo nazo zina volti za juu, usizishike injini ikiwaka.

Nikishatengeneza nifute kodi au nitoe betri?

Andika kodi zote kwanza au piga picha skrini, ndio ufute kwa skana. Kutoa betri kunafuta pia lakini kunafuta na yale kompyuta iliyojifunza, gari zenye throto bodi ya umeme zinaweza kupandisha mzunguko au kuzima zima kwa muda hadi zijifunze tena. Ukishafuta, endesha mwendo wa mjini na wa barabara kubwa, nenda Mtwapa urudi na foleni yako yote, halafu soma tena, hata kama taa haijawaka angalia zile kodi zinazosubiri. Ikiwa imerudi ile ile, rudi kwenye soketi ile ile na multimita, tingisha waya taratibu huku mwenzako anaangalia skana, pale namba inaporuka ndipo penye mkatiko.